Tumbo la Watoto Wawili, Likizo ya Mmoja



Hapa Burundi mapacha huitwa amahasa, na majina yao hujulikana hata kabla hawajatoka tumboni. Anayetangulia ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Ciza. Waganda nao wana Waswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na anayekuja nyuma yao ni Kizza. Wasukuma wa Tanzania wana Kulwa na Doto, kisha Shija. Ukiingia katika kiwanda chochote cha Bujumbura ukaita "Bukuru!" watageuka watu wawili au watatu. Lakini jaribu kumwuliza mmoja wao: Butoyi wako yuko wapi? Mara nyingi atakujibu kwamba hakumjua. Alikufa siku ileile, au juma lilelile.

Jambo hili la Bukuru asiye na Butoyi ndilo ninalotaka tulizungumze katika ukurasa wetu. Najua wapo watakaosema kwamba hii ni habari ya wakunga na madaktari, na sendika inatafuta nini huko. Mimi si daktari. Shule yangu iliishia darasa la sita, na mengine nimeyapata katika mikutano ya wafanyakazi, katika kusoma, na katika kuwauliza wanaojua. Lakini nimeketi mezani na matajiri wa viwanda miaka mingi, na nimeona jinsi tunavyofanya. Tunapigania mshahara, tunapigania viatu na glovu, tunapigania malipo ya saa za ziada. Habari za mama mwenye mimba tunaziacha mwisho wa karatasi, wakati kila mtu amekwisha kuchoka na anatazama saa.

Tuanze na hesabu, maana mfanyakazi haogopi hesabu. Katika Afrika, kati ya uzazi 1000, karibu 17 ni wa mapacha. Maana yake ni kwamba katika watoto 100 wanaozaliwa, watatu hivi ni mapacha. Ni wachache. Lakini mwaka 2017 wataalamu wawili, Christiaan Monden na Jeroen Smits, walitoa utafiti juu ya nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara, wakaona kwamba katika vifo 100 vya watoto wachanga wa chini ya mwezi mmoja, 15 ni vya mapacha. Watatu katika kuzaliwa, kumi na watano katika kufa. Wakaona pia kwamba pacha mmoja kati ya watano hafikishi umri wa miaka mitano.

La kusikitisha zaidi katika utafiti huo ni hili. Kati ya miaka ya 1995–2001 na miaka ya 2009–2014, vifo vya watoto waliozaliwa peke yao vilipungua kwa nusu. Chanjo zilifika, vyandarua vilifika, watu waliongeza elimu. Kwa mapacha, vifo vilishuka kutoka kama 328 katika kila watoto 1000 hadi 213, yaani theluthi moja tu. Kwa hiyo watoto wote walipanda gari la maendeleo, lakini mapacha walibaki nyuma wakikimbia kwa miguu.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba hawamalizi siku zao. Mimba ya mtoto mmoja huchukua kama wiki 40. Mapacha wengi huja karibu wiki ya 36 au 37, na wengine mapema zaidi, maana tumbo limejaa kabla ya wakati. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 ndiye wenzetu wa Tanzania wanayemwita njiti. Mapafu yake hayajakomaa, hana nguvu ya kunyonya, na hana mafuta chini ya ngozi ya kumpa joto. Mapacha wengi hawafiki kilo mbili na nusu siku ya kuzaliwa. Kitoto cha kilo moja na nusu kinaweza kufa kwa baridi hata hapa Bujumbura penye joto, seuze kule Teza na Rwegura kwenye mashamba ya chai, ambako asubuhi ukipumua unaona moshi.

Sababu ya pili ni ya Butoyi mwenyewe, na hapa nataka tukae kidogo, maana wanaume wengi hawaijui kabisa. Bukuru akitoka salama, watu hushangilia na kudhani kazi imekwisha. Kumbe hatari ya Butoyi ndiyo kwanza inaanza. Tumboni sasa mna nafasi. Yule aliyebaki aweza kujigeuza akalala kwa upande, mkono ukatangulia badala ya kichwa. Kitovu chaweza kushuka kabla yake na kubanwa, damu isimfikie. Kondo la nyuma laweza kubanduka mapema, naye bado yumo ndani bila hewa. Mambo haya hayangoji gari litafutwe. Mkunga aliyesomea, mwenye daktari wa upasuaji karibu, anajua la kufanya kwa kila moja. Jirani mwenye huruma hajui, hata kama ameshika watoto ishirini wa watu.

Lipo kosa moja ambalo wakunga wanaonywa sana juu yake. Baada ya mtoto kuzaliwa, mama huchomwa sindano ya kukaza mji wa mimba ili asitoke damu nyingi. Ni sindano nzuri, inaokoa akina mama. Lakini kabla ya kuichoma ni lazima mkunga apapase tumbo kuhakikisha kwamba hamna mtoto mwingine ndani. Ikichomwa wakati Butoyi bado yumo, mji wa mimba unamkaba. Hivyo basi, kujua mapema kwamba ni wawili ni nusu ya kuwaokoa.

Na kujua si jambo la ajabu. Mkunga hupima tumbo kwa utepe ule wa fundi cherehani, na likizidi miezi yake anaanza kushuku. Hupapasa akahisi vichwa viwili, husikiliza akasikia mioyo miwili. Ekografi huonyesha waziwazi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mama mwenye mimba apimwe kwa ekografi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, na kwamba aonane na wahudumu wa afya mara nane katika mimba moja. Ekografi pia inaonyesha kama mapacha wanatumia kondo moja au kila mmoja ana lake. Wakitumia moja, damu inaweza kumwendea mmoja zaidi ya mwenzake, na hao wanahitaji kuangaliwa kwa jicho kali zaidi.

Mama naye yumo katika hatari. Mji wa mimba uliobeba wawili umetanuka sana, na baada ya kuzaa huweza kushindwa kujikaza, damu ikamwagika. Upungufu wa damu humpata zaidi, na shindikizo la damu kupanda humpata zaidi. Mama wa mapacha akiumwa kichwa sana, akiona ukungu machoni, au akivimba uso na mikono, hapaswi kumaliza zamu yake. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Tusitishane kupita kiasi, hata hivyo. Si kila mapacha ni wa kupasuliwa. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti mkubwa wa akina mama wapatao 2800 katika nchi 25, ukaonyesha kwamba kama mtoto wa kwanza ametanguliza kichwa na mimba imekaribia siku zake, kumpanga mama kupasuliwa hakukuwaongezea watoto usalama kuliko kumpanga kuzaa kwa njia ya kawaida. Lakini akina mama hao wote walizalia hospitalini, mbele ya daktari mzoefu, na chumba cha upasuaji kiko tayari. Tusiuchukue utafiti huo kuwa ruhusa ya kuzalia nyumbani.

Sasa nieleze lililotokea kwetu Mutakura. Sitataja jina la mama wala la kiwanda, maana mwenyewe aliomba hivyo. Ni mama wa miaka kama thelathini, kazi yake ni kufungasha, amesimama kutoka asubuhi mpaka jioni. Mwezi wa tano wa mimba tumbo lilikuwa kubwa kama la mwezi wa saba. Kapita wake akacheka, akasema huyu anakula vizuri. Aliomba ruhusa ya kwenda kupimwa. Akaambiwa aende, lakini siku hiyo itakatwa katika mshahara. Alikwenda mara moja. Mara ya pili akaona franka za siku moja ni unga wa nyumba nzima, akabaki kazini.

Mwezi wa nane, usiku, uchungu ukamkamata. Wa kwanza alizaliwa nyumbani, mikononi mwa majirani, mtoto wa kike, mdogo lakini akalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja mwanamke aliyekuwepo ndiye aliyeweka mkono tumboni akasema: mwanangu, bado kuna mtu humu. Mkono ukatokea. Mume akatoka mbio kutafuta gari. Mutakura si mbali na hospitali. Upande wetu huu wa kaskazini tuna hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge na hospitali ya kijeshi, na ukishuka mjini kuna Prince Régent Charles. Lakini usiku, bila gari, hospitali ya kilomita chache ni sawa na ya Rutana. Walipofika alipasuliwa. Butoyi hakulia. Madaktari walijitahidi, hakulia.

Bukuru alipimwa akaonekana ana kilo moja na gramu mia tisa. Aliishi. Yeye ni mtoto mwenye makelele mengi sasa, mimi mwenyewe namfahamu. Mama yake likizo ilipokwisha mtoto alikuwa bado hana uzito wa kichanga wa kawaida, na alikuwa akinyweshwa maziwa ya mama kwa kikombe kidogo kila saa mbili au tatu. Kiwandani hakuna aliyeweza kumpa nafasi hiyo. Akaacha kazi. Katika daftari la kiwanda ameandikwa kwamba ameondoka kwa hiari yake.

Wanaoijua kartie yetu watasema mambo ya barabara si mageni kwetu. Mwaka 2015, kuanzia mwisho wa Aprili, Mutakura na Cibitoke zilijaa vizuizi na moshi wa matairi, na ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kupita usiku, mgonjwa au mzima. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuk-tuk zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Katika 2023 na 2024 magari yalipanga mistari siku kadhaa kungojea petroli. Kila mara ninaposikia habari kama hizo nawafikiria wenye matumbo ya miezi minane. Ndiyo maana nasema familia yenye mimba ya mapacha ipange gari mapema, itaje dereva kwa jina na namba ya simu, iweke pesa ya taksi kando, isiiguse hata kwa sukari. Na ikiwezekana, mama ahamie kwa ndugu anayekaa jirani na hospitali wiki za mwisho.

Ndugu zangu, hatuanzi kutoka sifuri. Wafanyakazi wa nchi hii wana sababu ya kuikumbuka siku moja. Tarehe 1 Mei 2006, Siku ya Wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba akina mama watazaa bila malipo na watoto wa chini ya miaka mitano watatibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Walio vijana hawajui hali ilikuwaje kabla ya hapo. Mama aliyepasuliwa akashindwa kulipa alizuiwa hospitalini na kichanga chake, majuma, pengine miezi, mpaka ndugu zake wauze shamba au mbuzi. Shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti nzima juu ya wagonjwa waliozuiwa hivyo, ikatoka Septemba 2006.

Tangazo lile lilileta shida zake. Akina mama walifurika, dawa zikaisha, wauguzi wakachoka kwa kazi mara mbili na mshahara uleule, na wao pia ni wafanyakazi wenzetu. Lakini matokeo yalionekana. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010, akina mama 60 katika 100 walizalia katika vituo vya afya. Katika uchunguzi wa 2016–2017 walikuwa 84. Vifo vya vichanga wa chini ya mwezi mmoja vilipungua kutoka 31 katika kila 1000 hadi 23. Mama wa Mutakura niliyemtaja alikuwa na haki ya kupasuliwa bure, na hakika hakudaiwa franka kwa upasuaji. Kilichomponza hakikuwa gharama ya hospitali. Kilichomponza ni siku moja ya mshahara.

Mfano mwingine ni Kabezi, kusini mwa mji, njia ya Rumonge. Hapo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha kituo cha dharura za uzazi. Siri yake haikuwa mashine za ajabu. Vituo vidogo vya afya vya milimani viliunganishwa na kituo kikuu kwa simu, na ambulansi zikapangwa kuwachukua akina mama wenye matatizo usiku na mchana, bure. Hesabu ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba vifo vya akina mama katika eneo hilo vilipungua kwa karibu robo tatu.

Wakafungua na chumba cha vichanga njiti. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu watoto 437 waliolazwa humo. Wale waliozaliwa kati ya wiki 32 na 36, waliotoka hai walikuwa 87 katika 100. Wale waliozaliwa kabla ya wiki 32, ambao ni wadogo kama njiwa, waliotoka hai walikuwa 62 katika 100. Hapakuwa na wataalamu bingwa wa watoto. Walikuwepo madaktari wa kawaida na wauguzi waliofundishwa vizuri, joto, oksijeni, maziwa ya mama, dawa chache, na usafi. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba kuokoa njiti ni mambo ya Ulaya. La hasha. Ni mambo ya Kabezi.

Katika yote hayo, dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kifua cha mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na vichanga wengi kuliko mashine za kuwapa joto, wamelazwa wawili watatu katika mashine moja na kuambukizana. Akawapa mama zao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Utaratibu huo unaitwa kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia anayebeba mwanawe katika mfuko wa tumboni. Mtoto anabaki uchi, ana nepi na kofia tu, amesimamishwa kifuani kati ya matiti, kisha anafungwa kwa kitenge kisicholegea. Anapata joto, anasikia moyo, ananyonya anapotaka, na vijidudu anavyokutana navyo kwanza ni vya mama yake.

Hapo zamani madaktari walingoja mpaka mtoto atulie ndipo apewe mama. Mwaka 2021 ukatoka utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3000 wa uzito wa kilo moja hadi moja na gramu mia nane hivi. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 120 katika kila 1000. Waliongojeshwa walikufa 157. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, maana haikuwa haki kuendelea kuwangojesha wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri dunia nzima ifanye hivyo.

Kwa mapacha, kifua kimoja kinaweza kubeba wote wawili, mmoja kila upande. Lakini mama aliyetoka kupasuliwa atachoka. Hapo ndipo baba anapoingia. Kifua cha baba kina joto vilevile. Nimewahi kusikia wenzangu wa kiume wakicheka habari hii, kwamba mwanaume hawezi kuonekana na kitoto kifuani kama mwanamke. Mtu anayebeba magunia ya kilo hamsini siku nzima anaogopa kubeba gramu elfu moja na mia nane? Bibi naye anaweza, shangazi anaweza.

Maziwa huwatosha wawili. Akina mama wengi huambiwa hayatatosha, wakaanza kuwapa uji mwembamba au maziwa ya ng'ombe, na kuhara kukawamaliza watoto. Ziwa hutoa kadiri linavyonyonywa. Mtoto asiye na nguvu ya kunyonya hukamuliwa maziwa, akanyweshwa kwa kikombe safi kidogo kidogo. Maziwa ya kwanza ya manjano yasimwagwe. Na wazee wetu watusamehe katika jambo la kuoga: kichanga asiogeshwe mpaka saa 24 zipite, na njiti angoje zaidi. Maji yanamwibia joto lake. Chakula cha mama ni jambo la pili: anakula kwa ajili ya watatu, na kama kwenye sahani ya familia kuna samaki mmoja wa ndagala za kutosha, ziende kwake.

Sasa turudi kiwandani na shambani, maana ndiko tunakokaa siku nzima. Kusimama saa nyingi, kunyanyua mizigo, kukaa kwenye joto la matanuru au mvuke, yote hayo hayamfai mwenye mimba, na kwa mwenye mimba ya mapacha ni kumkaribisha njiti. Mchuma chai anapanda mteremko na kikapu kikijaa, mkata miwa kule Moso anainama juani. Shirika la Kazi la Kimataifa, ambamo serikali, matajiri na wafanyakazi hukaa pamoja, lilipitisha mwaka 2000 Mkataba namba 183 juu ya ulinzi wa uzazi, unaoweka likizo isiyopungua wiki 14. Pamoja nao likapitisha Pendekezo namba 191. Pendekezo hilo linataja kwa wazi kazi za kunyanyua na kubeba, kusimama au kuketi muda mrefu, joto kali au baridi kali, mitetemo, na dawa za sumu, kwamba mama mwenye mimba abadilishiwe kazi bila kupoteza mshahara. Linasema aruhusiwe kutoka kazini kwenda kupimwa baada ya kumwarifu mkubwa wake. Na linasema kwamba anayezaa zaidi ya mtoto mmoja aongezewe likizo.

Majirani zetu wameliweka katika sheria. Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inatoa siku 84 za likizo yenye malipo kwa mama wa mtoto mmoja, na siku 100 kwa aliyezaa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Siku 16 si nyingi, lakini mtunga sheria alikubali kwamba wawili si mmoja. Sheria hiyohiyo inampa mama muda wa kunyonyesha wa hadi saa mbili kwa siku. Ufaransa humpa mama wa mtoto mmoja wiki 16 na mama wa mapacha wiki 34.

Kwetu, Kodi ya Kazi ya mwaka 1993 iliweka wiki 12, zikiwezekana kurefushwa hadi 14, na wiki 6 lazima ziwe baada ya kujifungua. Mwaka 2020, tarehe 24 Novemba, tukapata kodi mpya. Ndugu wajumbe wa viwanda, isomeni, muwe nayo mkononi. Lakini kumbukeni pia kwamba sheria ni sakafu ya nyumba. Mapatano ya pamoja ya kampuni yanaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya sheria, na hakuna wa kutuzuia kudai.

Tajiri atauliza gharama. Ni halali yake kuuliza, nasi tumjibu kwa hesabu. Kama uzazi wa mapacha ni kama 17 katika 1000, basi kiwanda chenye wanawake mia moja, hata wote wakizaa mwaka mmoja, kitapata mapacha mara moja au mbili. Majuma machache ya nyongeza kwa mama mmoja au wawili ni gharama ndogo kuliko kumfundisha mfanyakazi mpya kazi ya yule aliyeondoka "kwa hiari".

Maneno ninayopendekeza yaingie katika mapatano ni machache. Mwenye mimba ya mapacha iliyothibitishwa na kituo cha afya apewe kazi ya kuketi au kazi nyepesi tangu mwezi wa tano, mshahara wake usiguswe. Siku za kupimwa zihesabiwe kuwa siku za kazi. Likizo iongezwe kwa mapacha, na kwa njiti ihesabiwe kuanzia siku ambayo mtoto anatoka hospitalini. Muda wa kunyonyesha uwe mara mbili ya wa mtoto mmoja, na pawepo pahali safi penye mlango, si stoo wala choo. Baba apewe siku za kubeba kangaruu, siyo siku za kwenda kuandikisha mtoto tu. Na gari la kiwanda, ambalo usiku hulala uani, liruhusiwe kumpeleka mzazi hospitali, ufunguo ubaki kwa mlinzi.

Kabla ya mazungumzo yajayo na matajiri, kila mjumbe aanzishe daftari. Aandike bila majina: akina mama wangapi walijifungua mwaka huu katika kiwanda chake au shamba lake, wangapi walikuwa na mapacha, watoto walipimwa uzito gani, wangapi wangali hai, mama yupi alikatwa siku za kupimwa, na yupi hakurudi kazini. Madaftari yaletwe ofisini kwetu. Wa mashamba ya mbali wampe dereva wa lori la chai, naye atatufikishia.